Umejuaje? Nyota Iliyolipuka Juu ya Nyamira

Kisii na Nyamira si mahali ambapo mtu angechagua kutazamia nyota. Mvua ya mwaka huku kwetu hupita milimita 1,500. Jua la asubuhi huwa zuri, lakini kufikia saa nane mchana mawingu yameshaanza kupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, saa kumi mabati yanalia, na siku nyingine mvua ya mawe huchana majani ya chai hadi wakulima wakakosa cha kupeleka kituoni. Usiku ukungu hulala mabondeni. Anayetaka anga safi husubiri Desemba hadi Februari. Miezi mingine huchukua anachopewa, nusu saa kati ya wingu na wingu.

Hata hivyo tuna jambo ambalo watazamaji wa Ulaya hupanda ndege kulifuata. Tuko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, tena milimani, Kisii mjini ikiwa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa karibu hakuna nyota isiyochomoza. Msalaba wa Kusini tunauona, nyota saba za Dubu Mkubwa tunaziona, na zipo miezi ambapo vyote viwili vinaonekana usiku mmoja bila mtu kuhama uani kwake.

Nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa upande wa Nyamira. Mada ya spektra ilinisumbua kila mwaka. Wanafunzi waliweza kuniandikia kwamba mwanga ukipita kwenye prizimu hugawanyika rangi saba, wakapata alama zao, na wasiamini hata kidogo kwamba jambo hilo lina kazi duniani. Nikawaletea kisanduku cha kadibodi, nikakikata mwanya mwembamba upande mmoja, nikaweka kipande cha sidii kuukuu ndani. Walipoelekeza mwanya kwenye balbu ya zamani ya waya, waliona utepe wa rangi usiokatika. Walipouelekeza kwenye taa ya mrija iliyokuwa darini, wakaona mistari: kijani peke yake, bluu peke yake, giza katikati. Mistari ile ni sahihi ya zebaki iliyomo ndani ya mrija. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama mtu anaweza kuijua zebaki iko mahali bila kuigusa. Nilimwambia ndiyo, na kwamba hata jua tumelijua kwa njia hiyo hiyo. Swali lake lilinipa kazi ya miaka.

Nilijinunulia kioo cha mistari. Ni kioo kidogo cha mviringo, kinachoingia mbele ya kamera kama kichujio, na juu yake imechorwa mistari 100 katika kila milimita. Mwanga wa nyota ukipita ndani yake unatoa picha mbili: nukta ya nyota yenyewe, na pembeni utepe mwembamba wa rangi zake. Kwa kuwa nukta na utepe viko katika picha moja, umbali kati yake unakuambia kila rangi iko wapi. Haidrojeni, kwa mfano, ina mstari mwekundu kwenye nanomita 656.3 na mwingine wa bluu-kijani kwenye 486.1. Nyota nyingi huonyesha mistari hiyo ikiwa myeusi, kwa sababu gesi ya juu ya nyota humeza rangi hizo kabla hazijatoka. Nyota chache huionyesha ikiwa inang'aa. Hizo ndizo nilizotaka, maana mstari ung'aao husema kwamba nje ya nyota kuna gesi ya moto iliyotanda, na mara nyingi nyuma ya habari hiyo kuna nyota ya pili.

Nyota yangu ya kujifunzia ilikuwa Delta Scorpii, kwenye kichwa cha Nge. Ilionwa kwa miaka mingi kuwa nyota ya kawaida. Mwaka 2000 mtazamaji wa Argentina, Sebastián Otero, aliyekuwa akizilinganisha nyota kwa macho matupu, akagundua kwamba imeongeza mng'ao. Spektra zikaonyesha haidrojeni iking'aa, kumbe nyota ile imezungukwa na sahani ya gesi. Mwenzake huizunguka kwa njia ndefu iliyobanwa sana, na kila baada ya miaka 10.8 hivi hupita karibu mno. Jambo hilo lilianza na mtu mmoja asiye na chombo chochote, aliyejua nyota jirani zina mng'ao gani na aliyeandika alichokiona.

Darubini yangu ilikuwa ya kioo cha sentimita 13, ya mitumba, yenye mota ndogo ya kuifuata nyota. Hapo ndipo ikweta ilipodai malipo yake. Mhimili wa stendi lazima uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Ulaya mhimili huo huinuka karibu nusu ya pembe mraba, na watengenezaji wa stendi huwafikiria wao. Kwetu unalala karibu sawa na ardhi, na stendi yangu haikuweza kushuka kiasi hicho. Nyota ya Kaskazini, ambayo wenzetu huitumia kulenga, kwetu imezama kwenye upeo nyuma ya vilima. Fundi seremala mmoja wa Keroka alinichongea kabari ya mkaratusi ya kuinamisha stendi yote, na mengine nikayafanya kwa dira na kwa kuitazama nyota ikihama polepole hadi nikajua ninapinda upande gani. Vitabu nilivyokuwa navyo havikuwa na sura kuhusu jambo hilo. Sisi tunaoishi kwenye mstari huu tunapaswa kuiandika.

Kisha ikaja Agosti 2021. Usiku wa tarehe 8 kwa saa za ulimwengu, Keith Geary wa Ireland aliona kwamba RS Ophiuchi imewaka. Kwetu ilikuwa saa saba usiku kupita, tarehe 9 imeshaingia. Ujumbe ulinifikia mchana wa Jumatatu nikiwa chumba cha walimu. Nyota hiyo kwa kawaida haionekani bila darubini. Sasa ilikuwa imeongeza mng'ao mara mamia kadhaa, na aliyejua pa kutazama aliweza kuiona kwa macho yake.

RS Ophiuchi ni nyota mbili. Moja ni jitu jekundu, nyota kubwa iliyozeeka inayopuliza gesi yake nje. Nyingine ni kibete cheupe, masalio ya nyota iliyokufa, chenye uzito unaozidi wa Jua letu lakini ukubwa wa Dunia tu. Huzungukana kwa muda wa siku 450 na kidogo. Gesi ya jitu huangukia kibete, hujikusanya juu yake, hubanwa na kupata joto hadi haidrojeni hiyo inawaka kwa nguvu za nyuklia mara moja. Tabaka lote hurushwa nje kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde na kugonga gesi ya jitu iliyokuwa imetanda hapo. Mlipuko wa namna hii huitwa nova. Kibete hakivunjiki. Huanza kukusanya upya. Milipuko yake iliyoonekana na kuandikwa ni ya 1898, 1933, 1958, 1967, 1985, 2006 na 2021.

Bahati yetu ilikuwa kubwa. Mwezi ulikuwa mchanga kabisa, umezaliwa siku iliyotangulia. Ilikuwa enzi ya kafyu ya korona, kuanzia saa nne usiku, na barabara ya kwenda Kisii, ambayo kwa kawaida haikosi bodaboda, ilianza kunyamaza mapema. Mvua ya jioni ilikuwa imeosha vumbi na moshi. Saa tatu usiku RS Ophiuchi ilikuwa karibu utosini, kwa kuwa iko digrii 6 na kitu kusini mwa ikweta ya anga. Mtu wa Ireland aliyegundua mlipuko alikuwa akiitazama chini kusini, kupitia hewa nene. Mimi nilikuwa nikiitazama juu ya paa la jikoni.

Nilipiga kwanza picha ya Vega. Utepe wake una mistari ya haidrojeni myeusi na minene, na kwa hiyo hutumika kama rula. Kisha nikageukia RS Ophiuchi. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, mahali palepale ambapo Vega ilikuwa na mstari mweusi upande wa nyekundu palikuwa na nukta inayowaka, imekaa juu ya utepe kama shanga. Kamera za kawaida huwa na kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya rangi hiyo, na bado ilipenya. Upande wa bluu-kijani palikuwa na nyingine, hafifu zaidi. Nilikuwa nimefundisha mstari wa nanomita 656.3 miaka mingi ubaoni. Usiku ule niliuona ukitoka katika gesi iliyokuwa ikikimbia, na nilitetemeka, na sioni haja ya kuuficha mtetemo huo.

Katika daftari niliandika saa mara tatu: saa tatu ya Kiswahili, 21 ya simu, na 18 ya saa za ulimwengu. Wanafunzi wangu walizoea kuandika hivyo pia, na nilisisitiza bila huruma. Picha ya nyota isiyo na saa ni picha tu. Yenye saa inaweza kuwekwa pembeni mwa picha ya mtu wa Brazil au Ufaransa, na zikaulizana maswali. Usiku huohuo wa tarehe 9, darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za juu za Khomas, Namibia, zilielekezwa nyota ileile na zikanasa miale ya gama yenye nguvu kubwa kutoka kwake, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika nova yoyote kabla yake. Matokeo yalichapishwa mwaka uliofuata. Chombo changu na vyao havikaribiani kwa lolote. Anga tulilokuwa tukilitazama lilikuwa moja, giza lake moja, Afrika moja.

Wiki zilizofuata mawingu yalichukua sehemu yake, na kuanzia katikati ya Agosti mwezi ukachukua yake, hadi ulipojaa tarehe 22. Nilipopata nafasi nilipiga picha. Utepe wa rangi ulififia haraka lakini ile nukta nyekundu haikufifia kwa mwendo uleule, kwa hiyo kila picha ilizidi kuonyesha nukta na kupunguza utepe. Hilo ndilo nililopenda kuliko vyote, kwamba picha moja ilikuwa ajabu, lakini mfululizo wa picha zenye tarehe ulikuwa hoja. Ungeweza kuuliza ni nini kinachopoa na ni nini kinachoendelea kung'aa, na jibu likawa mbele yako.

Nilimfikiria sana Williamina Fleming. Alizaliwa Dundee, Uskoti, akahamia Marekani, na kabla ya kuwa mnajimu alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha nyota cha Harvard. Pickering alimpa kazi ya kukagua bamba za vioo zilizopigwa picha za spektra. Mlipuko wa RS Ophiuchi wa 1898 ulipita na hakuna mtu aliyeutambua. Lakini bamba lilikuwapo, lina tarehe, limehifadhiwa, na miaka kadhaa baadaye Fleming alipokuwa akilikagua aliona mistari isiyo ya nyota ya kawaida. Tangazo lake lilitoka mwaka 1904. Nyota ilikuwa imekwisha kutulia zamani. Kilichosema kwa niaba yake ni kumbukumbu iliyotunzwa.

Hapa sina budi kuzungumzia majirani. Mtu anayesimama nje usiku wa manane kwetu, amevaa koti zito, ameinamia bomba refu lenye taa nyekundu ndogo, hawezi kujidai hajui watu watasema nini. Omorogi, mchawi, ni neno ambalo likitamkwa Gusii halirudi mdomoni. Kwa hiyo tangu mwanzo niliwaita. Mzee wa jirani alikuja, wake wa kaka zangu walikuja, watoto walijaa. Kila mmoja aliweka jicho lake mwenyewe. Na magokoro, nyanya yangu, alikuja akiwa amejifunika shuka, akakaa kwenye kigoda, akanisikiliza nikieleza habari ya haidrojeni na moto wa mbali, kisha akauliza:

"Umejuaje? Ulikwenda?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilimshika mkono tukaingia jikoni, nikawasha jiko la gesi, nikaurushia mwali wa bluu chembe za chumvi. Mwali ukageuka manjano. Nikampa kile kisanduku cha sidii autazame, na humo ndani mstari wa manjano ulikuwa umesimama peke yake. Nikamwambia chumvi ina kitu kiitwacho sodiamu, na kila mahali ulimwenguni sodiamu ikiungua hutoa manjano hiyo hiyo, na kwamba Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, walilijua hilo kwa kuchoma vitu namna hii tangu 1859 na 1860. Haidrojeni nayo ina wekundu wake. Nikiuona wekundu huo mahali pake, najua.

Alitazama muda. Kisha akauliza, "Na kama kioo chako kinadanganya, mwanangu?"

Nimehudhuria semina za walimu ambako hakuna aliyeuliza swali zuri kama hilo. Nilimwonyesha picha ya Vega. Nikamweleza kwamba kabla ya kuiuliza nyota nisiyoijua, huuliza kwanza ile ninayoijua, na kioo kikidanganya kitadanganya hapo pia nami nitakikamata. Akaridhika. Akarudi kulala.

Oktoba ya mwaka huohuo, RS Ophiuchi ikiwa imefifia, wanawake wazee wanne waliuawa na umati huko Marani, kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Magokoro alikuwa wa rika lao. Sisemi kwamba darubini ingewaokoa, na nitawadharau wafu nikisema hivyo. Nasema kwamba watu waliowaua, nadhani wengi wao, walikuwa wamepita shuleni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewazoesha kusimama mbele ya madai makubwa na kuuliza maswali mawili aliyouliza bibi mzee asiyesoma: umejuaje, na chombo chako cha kujulia umekipimaje? Sisi walimu wa sayansi tumewapa kanuni za kukariri. Swali hatukuwapa. Tangu mwezi ule nimefundisha spektra kwa hasira fulani ambayo naamini ni halali.

Na tusiambiwe kwamba elimu hii ni ya ugenini. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba nyingi za nyota zinazotoa miale hiyo ni jozi, moja ikimeza gesi ya mwenzake, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Tarehe 15 Oktoba 1974 jukwaa hilohilo lilirusha Ariel 5 ya Waingereza. Mwaka uliofuata Ariel 5 ilinasa mlipuko katika kundinyota la Ng'ombe, upande ule ule wa Kilimia wanachokijua wakulima wetu wote. Chanzo chake huitwa A0535+26, na herufi hiyo A ni ya Ariel. Ni nyota kubwa ya buluu yenye sahani ya gesi inayong'aa kwa haidrojeni, na mwenzake ni nyota ya nyutroni inayopiga mapigo kila sekunde 104 na kuizunguka kwa siku 111. Novemba 2020 ililipuka kwa miale ya eksi kwa ukali ambao haukuwa umeonekana kwake tangu igunduliwe. Ni hafifu, inahitaji darubini, lakini inapanda juu kabisa kwetu katika miezi yetu ya ukavu. Nimeifuata Desemba na Januari kwa kioo kile kile, na mstari wake mwekundu upo. Nyota iliyotambuliwa na chombo kilichopaa kutoka bahari yetu haifundishwi, kwa ninavyojua mimi, katika darasa lolote la Kisii. Naliona hilo kuwa hasara kubwa.

Tena ipo nyota nyingine ya kungojwa. William Huggins wa London aliuza biashara ya hariri ya familia yake ili ajenge kituo chake cha nyota, na mwaka 1866 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuelekeza spektroskopu kwenye nova. Nova hiyo ilikuwa T Coronae Borealis, jamaa wa karibu wa RS Ophiuchi, nayo ni kibete cheupe na jitu jekundu. Iliwaka 1866, ikawaka tena 1946, na wanajimu wamekuwa wakiungoja mlipuko mwingine. Ikiwaka hufikia mng'ao wa nyota inayong'aa kuliko zote katika kundi lake, Taji la Kaskazini, na hukaa hivyo siku chache tu kabla ya kufifia.

Mwalimu mwenzangu, uwe Kisii, Nyamira au kwingineko, Julai na Agosti saa mbili usiku toka nje na wanafunzi wako mtazame kaskazini, juu, mtafute Taji, nusu duara ya nyota saba. Mmoja wao mpe daftari. T Coronae Borealis isipoonekana aandike kwamba haijawaka, na tarehe, na saa, na hali ya mawingu, na jina lake. Kesho mpe mwingine.